Wakala wa bima aliyekuja kuuona mzigo kwanza

Nauza viatu na mikoba ya kike Instagram na WhatsApp. Mzigo nachukua Kariakoo, stoo ni chumba cha nyuma hapa nyumbani Tabata. Tangu Soko Kuu liungue Julai 2021 sijalala vizuri nikifikiria yale maboksi. Mtaji wangu wote umekaa mle.

Wakala huyu ana ofisi ndogo Sinza. Nilimwendea nikitaka bima ya nyumba, naye hakukimbilia kuniandikia. Aliuliza ndani kuna nini. Kusikia biashara, akanieleza kuwa bima ya nyumba huangalia makochi, friji na runinga ya familia. Bidhaa za kuuza zinataka bima yake. Nikinyamaza kuhusu biashara, kampuni inaweza kunikatalia madai siku ya moto. Kesho yake akaja kukagua chumba, akapiga picha, akataka risiti za manunuzi.

Nilichompendea zaidi ni hesabu. Wengi wetu tunataja thamani ndogo ili ada ishuke. Akachukua kalamu: mzigo wa milioni 10 ukiukatia bima ya milioni 5, ukaunguliwa na wa milioni 4, unalipwa milioni 2 tu kwa kuwa umekatia nusu ya thamani, na hapo bado hawajakata kile kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe. Wauzaji wenzangu, hili lishikeni. Mwezi wa sikukuu mzigo unapojaa, mpigie wakala aongeze thamani.

Kwenye wizi alisema wazi: wanalipa pakivunjwa. Mlango ukiachwa wazi mtu akajibebea, hakuna fidia.

Sikuridhika na mambo mawili. Mkataba ulioletwa na kampuni ni Kiingereza kitupu, kurasa na kurasa, na kwa mama muuza vitenge hilo si haki hata kidogo. Pili, kiatu kikishapanda bodaboda kwenda kwa mteja Mbagala, bima yangu imeishia getini. Bima ya bidhaa safarini ipo, ila aliyonionyesha imepangwa kwa shehena za malori, si kwa pea moja ya viatu. Sisi ndio tumejaa mjini, watutengenezee yetu.

Bei aliyotaja mwanzo ilikuwa kabla ya VAT ya asilimia 18, kwa hiyo ulizeni jumla. Ulizeni pia leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini Tanzania. Yeye aliitoa bila kuombwa mara mbili. Na bima haianzi mpaka ulipe. Ukimfuata nenda asubuhi, mchana huwa yuko kwa wateja.