OpenRocket kwa kuchagua mota ya roketi: nzuri, ila itoe Florida kwanza

OpenRocket ni programu ya kompyuta ya kusanifu roketi ndogo na kukadiria zitakavyoruka. Ukiifungua mara ya kwanza, inaamini umesimama Florida, usawa wa bahari, na nguzo ya kurushia, ile inayoiongoza roketi inapoanza kupaa, ina urefu wa mita 1. Wewe uko Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari. Ukiacha hivyo hivyo, mota utakayoichagua inamfaa mtu wa pwani ya Marekani.

Programu yenyewe ni ya bure. Ilizaliwa mwaka 2009 kama kazi ya uzamili ya Sampo Niskanen huko Ufini, na sasa inatunzwa na watu wa kujitolea. Ni ya laptopu, si ya simu. Matoleo ya sasa yana Java yake ndani na orodha ya mota imo humo humo, kwa hiyo bando likiisha kazi haisimami.

Uzuri wake ni kwamba inakutoa kwenye ushabiki wa herufi zinazotaja ukubwa wa mota, kama ile H ya mota ya H128. Herufi inasema jumla ya nguvu tu: H inaishia nyutoni-sekunde 320, I 640, J 1,280. Kinachoing'oa roketi ni namba inayofuata, wastani wa msukumo kwa nyutoni. Chukua roketi ya kilo 1.5, mota ikiwa ndani. Uzito wake ni karibu nyutoni 14.7, na wazoefu hawakubali msukumo ulio chini ya mara 5 ya uzito, yaani nyutoni 74. H128 inapita kwa kishindo: mara 8.7. Ila kwenye ile nguzo ya mita 1 roketi itatoka ikiwa na mita 12 hivi kwa sekunde, wakati mapezi yanataka angalau 15 ndipo yashike hewa. Pakiwa na upepo italala upande. Mtu asiyejua hapo anakimbilia I. Weka nguzo ya mita 1.8 na H ile ile inatoka na 16.

Sasa hewa. Fungua mipangilio ya mahali pa kurushia, andika mwinuko, kisha toa tiki kwenye hewa ya kawaida ya kimataifa, kwa sababu hiyo inadhani kwa mwinuko wa Arusha joto ni nyuzi 6. Weka 25, na mgandamizo milibaa 860. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: programu za hali ya hewa kwenye simu huonyesha 1,015 au karibu na hapo, lakini hiyo imeshasahihishwa iwe ya usawa wa bahari. Ukiiingiza, umeishusha Arusha hadi Tanga. Kwa namba sahihi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ile ya kiwango cha pwani. Mjini Moshi, kwenye mita 850 na joto la 30, ni kama asilimia 14.

Tofauti hiyo inagusa vitu viwili. Roketi inapaa juu zaidi na kuchukua muda zaidi kufika kileleni, hivyo sekunde ambazo mota husubiri baada ya kuzimika ndipo itoe parashuti, zikikokotolewa kwa Florida, zitakuwa pungufu: parashuti inafunguka roketi bado inapanda kwa kasi, kamba inapasua bomba kama kisu kwenye mua. Programu ina safu inayotaja ucheleweshaji unaofaa. Isome baada ya kubadilisha hewa, ndipo upunguze ucheleweshaji wa mota iliyokuja na sekunde 14 kwa keekee ya mtengenezaji. Pili, parashuti iliyopimwa kushuka mita 6 kwa sekunde pwani, Arusha inashuka 6.6. Ongeza kitambaa.

Kwenye uzito usiiamini programu hata kidogo. Plaiwudi ya dukani inayoitwa milimita 6 mara nyingi si 6, na gundi ya epoksi humwagwa kwa jicho. Pima roketi nzima kwenye mizani, itafute sehemu inapokaa sawa juu ya rula, kisha lazimisha namba hizo ndani ya programu. Ukipanda kutoka H kwenda I ndefu zaidi, angalia alama ya buluu ya kitovu cha uzito: inarudi nyuma kuisogelea ile nyekundu ya kitovu cha hewa, yaani mahali nguvu ya hewa inapoisukuma roketi. Umbali kati yao ukishuka chini ya kipenyo kimoja cha bomba, ongeza uzito puani, halafu rudia hesabu ya mara 5 maana kilo zimebadilika.

Kasoro nyingine: karibu na kasi ya sauti makadirio yake hulegea, na rangi uliyopaka kwa brashi inaichukulia kama rangi ya kawaida tu, mpaka ubadilishe mwenyewe.

Safu ya kimo cha juu ichapishe. Uwanja wa ndege wa KIA uko katikati ya Arusha na Moshi, mwingine uko Kisongo, na ukienda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuomba nafasi angani swali la kwanza litakuwa roketi inafika mita ngapi.