Bima ya afya ya kundi kazini Tanga: kadi nzuri, mkataba si wako

Kwa mfanyakazi wa kiwandani Pongwe au wa ofisi za bandarini, kadi ya bima ya kundi ni huduma nzuri inapofanya kazi. Unafika dirisha la mapokezi, kadi inahakikiwa, jina linasoma hai, unakwenda kwa daktari bila kutoa shilingi. Udhaifu wake uko kwenye karatasi. Bima ya kampuni binafsi kwa kawaida ni makubaliano ya mwaka mmoja kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Mfanyakazi ni mnufaika tu, na wengi hawajawahi kuyaona makubaliano yenyewe.

Mwaka ukiisha, mwajiri anaweza kuhamia kampuni nyingine au kununua kifurushi kidogo zaidi. Lakini kilichoandikwa kwenye mkataba wa ajira ni habari nyingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadili masharti yaliyoandikwa, kisha amjulishe kwa maandishi. Mkataba ukisema "bima kwa mfanyakazi, mwenza na watoto", tangazo la ubaoni halitoshi kuwaondoa watoto. Ukisema "bima kwa kadiri ya sera ya kampuni", umeshika hewa. Isome sentensi hiyo kabla ya kusaini, tena kwa makini kuliko unavyosoma posho.

NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni tofauti, kwa sababu mchango wake umewekwa na sheria: asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu. Kwenye mshahara wa 600,000 ni 36,000, yaani 18,000 kila upande, na unabeba hadi watu 6: mchangiaji, mwenza na wategemezi 4. Mwenye wazazi wanaomtegemea tunamshauri aanzie hapa, maana vifurushi vingi vya binafsi huwaacha wazazi nje. Doa lake lilionekana Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposusa kuwapokea wanachama kwa sababu ya bei za kitita kipya. Hospitali za serikali kama Bombo hazikuwa kwenye mgogoro huo.

Kadi hufungwa kwa sababu zilezile: mwajiri amechelewesha awamu ya malipo, au ofisi ya utumishi haijapeleka jina la mtoto mchanga. Kipindi kibaya zaidi ni cha kuhama kampuni. Bima mpya inaweza kuanza upya muda wa kusubiri, yaani kipindi ambacho bado hailipi, kwa uzazi na kwa magonjwa ya zamani kama kisukari na presha, hata kama mgonjwa amekuwa na bima miaka mitano mfululizo. Kabla ya kuhama, ombeni barua inayosema wazi kwamba muda huo umefutwa kwa waliokuwa na bima. Ulizeni pia kama kikomo cha matibabu ni cha kila mtu au familia nzima inagawana. Mtoto mmoja akilazwa wiki mbili, tofauti hiyo inaonekana.

Salari slipu ikionyesha makato huku kadi haifanyi kazi, hilo ni kosa zito, si usumbufu wa kuvumilia. Tunza slipu, andika barua kwa mwajiri na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akikaa kimya, jaza Fomu Na. 1 ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mpe mwajiri nakala, kisha uiwasilishe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Barua za "tunalifuatilia" hazisimamishi hesabu ya siku hizo. Kampuni ya bima ndiyo ikikataa kulipa, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Aliyekatwa kidole na mashine asimalizie kikomo cha familia kwenye jeraha hilo. Gharama hizo ni za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia.