TAHADHARI: Madalali wa wafanyakazi "wenye kibali tayari" Kigoma

Ndugu zangu wenye lodge, gesti na migahawa, kuanzia Mwanga na Ujiji hadi Kasulu na Kibondo, kuweni macho. Wapo madalali wanaoleta mpishi au mhudumu kutoka Burundi au Kongo na kudai kibali anacho tayari. Usitoe hela. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri mwenyewe, hutolewa na Kamishna wa Kazi, na hutaja mwajiri pamoja na kazi. Kama kimeandikwa hoteli ya Dar es Salaam, kwako hakifai hata kama ni halali na muda wake haujaisha.

Soma unachoonyeshwa. Muhuri wa matembezi kwenye pasipoti unamruhusu kukaa, si kufanya kazi, hata kwa raia wa Afrika Mashariki. Kibali cha ukaazi cha Uhamiaji peke yake hakitoshi. Vinatakiwa vyote viwili, cha kazi na cha ukaazi. Na kitambulisho cha mkimbizi, mfano wa kambi ya Nyarugusu, si ruhusa ya kuajiriwa mjini. Huyo hata kutoka kambini anahitaji kibali. Ukimpokea, unamponza yeye na unajiponza mwenyewe, kwa sababu sheria ya 2015 ya ajira za wageni inambana mwajiri pia.

Alama nyingine ni malipo. Ada ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number) inayotoka kwenye mfumo wa serikali baada ya maombi kuingizwa. Dalali akikupa namba ya simu yenye jina la mtu, huo ni wizi.

Kama kweli unamhitaji mgeni, andaa mkataba wa maandishi, vyeti (vya Kifaransa vitafsiriwe kwanza) na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Hapa ndipo maombi mengi ya wahudumu na wafanya usafi yanapokwama: ni vigumu kueleza kwamba Mtanzania wa kubeba sahani hakupatikana. Mpishi mwenye ujuzi adimu ana nafasi zaidi. Kibali ni cha hadi miezi 24, huongezwa, lakini jumla ya miaka ina kikomo.

Baya kuliko yote, baadhi yao wanashikilia pasipoti ya mfanyakazi "mpaka deni liishe". Hiyo ni dalili ya usafirishaji haramu wa binadamu. Usimalizane na dalali huyo. Toa taarifa Polisi au Uhamiaji. Na kibali chochote unachotilia shaka, peleka nakala Ofisi ya Kazi ya mkoa wakakihakiki kabla mtu hajaingia jikoni.