Vibanda vya malishoni au mazizi ya kondoo: magofu ya mawe milimani Scotland

Ukipanda milima ya kaskazini mwa Scotland utakuta magofu ya mawe ya aina mbili, na wengi wanayachanganya wanasema tu ah, mazizi ya zamani. Hapana bana.

Vibanda vya malishoni ndo vya kale zaidi. Kiangazi ng'ombe walikuwa wanapandishwa juu, akina mama na mabinti wanalala huko huko wanakamua, wanatengeneza siagi na jibini, mavuno yakikaribia wanarudi bondeni. Leo vingi vimebaki vituta tu, ila utavijua kwa nyasi, pale ni kijani kibichi kuliko pembeni kote sababu ya samadi ya miaka na miaka.

Mazizi makubwa ya kondoo ni stori nyingine kabisa. Mengi yalikuja wenye ardhi walipoanza kuwafukuza wapangaji, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1700, ili walete kondoo (na watu hawakukaa kimya, 1792 kule Ross waliwaswaga kondoo watoke mpaka wanajeshi wakaitwa). Kuta ni mawe makavu yaliyopangwa bila simenti, ndani vyumba vyumba na kipenyo chembamba kondoo wapite mmojammoja, wachambuliwe, wanyolewe. Kuna sehemu mawe yenyewe yalitolewa kwenye nyumba za hao hao waliofukuzwa!

Kwa ufundi zizi linashinda, mengine yanatumika mpaka leo. Ila mimi ukinipa siku moja tu ya kupanda, naenda kwenye vibanda.