Mashine ya espresso ya nyumbani: kabla ya kulipa, uliza mpira

Msomaji mmoja wa Ntinda, hapa Kampala, amenitumia picha ya mashine yake ikivuja. Maji ya moto yenye rangi ya kahawa yanachuruzika pembeni mwa mkono (kile kishikio chenye kikapu cha kahawa kinachofungwa kwenye mashine) hadi mezani, na kikombeni yanadondoka matone tu. Dukani alikoinunua wameiangalia kwa macho, wakamwambia pampu imekufa, anunue nyingine. Pampu! Kilichokufa pale ni mpira.

Basi leo sitazungumzia rangi, wala ukubwa wa tangi la maji, wala hizo "bar 20" wanazoandika kwenye boksi kwa herufi kubwa. Bar ni kipimo cha shinikizo la maji, na espresso inataka bar 9 hivi, zilizobaki ni za kuuzia. Mimi nazipanga mashine kwa kitu ambacho hakuna anayekionyesha dukani.

Unapoufunga mkono wenye kahawa kwenye mashine, kinachozuia maji yasitoroke ni pete ya mpira iliyojificha juu kule ndani. Kila asubuhi inapikwa kwa maji yanayokaribia nyuzi 95, inabanwa, na chembe za kahawa zinajisokomeza hapo hapo. Mwishowe inakakamaa kama plastiki ya ndoo kuukuu, na ukiichokoa inakatika vipande vipande. Dalili zake huanza mapema. Mkono uliokuwa ukikaza kabla ya kufika katikati sasa unapitiliza kwenda kulia, kisha unaanza kuukaza kwa mikono miwili huku mashine nzima ikizunguka mezani. Mpira hauna bei ya kutisha. Shida ni kuupata wa saizi yako, na kujua kama mashine inakubali kufunguliwa.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Gaggia Classic, na sifichi kwamba naipendelea. Achille Gaggia wa Milano aliandikisha hataza yake ya mashine ya kahawa mwaka 1938, na hii Classic imekuwa sokoni tangu 1991 bila kubadilika sana. Mkono wake ni wa milimita 58, saizi ile ile ya mashine nyingi za mikahawani, kwa hiyo vikapu na vifaa vya kushindilia kahawa havikusumbui. Kubadilisha mpira ni kazi ya mezani: unaizima, unaiacha ipoe, unafungua skrubu moja ya chujio la juu, unatoa boliti mbili zinazoshika bamba lililo nyuma yake, unauchokoa mpira wa zamani kwa bisibisi, unasugua masizi ya kahawa, unaingiza mpya. Huhitaji fundi. Ila boila yake ni ndogo. Ukimaliza kutoa kahawa, lazima usubiri ipande joto ndipo upate mvuke wa maziwa. Nyumba ya watu sita wote wa cappuccino itagombana.

Ya pili ni Flair, ya Marekani, unayoikandamiza kwa mkono. Haina waya. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikikuishia alfajiri, unachemsha maji kwenye gesi na kahawa yako inatoka. Pete zake za mpira unaziona kwa macho unapoiosha, huna cha kufungua. Lakini ni kikombe kimoja kwa wakati mmoja, na mvuke hakuna, kwa hiyo siku ya Idd wageni wako wapikie chai.

De'Longhi Dedica naiweka ya tatu kwa sababu ya upana wake wa sentimita 15, maana jiko la apatimenti za Kampala tunalijua. Mkono ni wa milimita 51. Kikapu chake cha kuta mbili kinatoa povu hata kwa kahawa iliyosagwa ovyo, ndiyo maana wauzaji wanapenda kuifanyia maonyesho. Sage Bambino nayo, ambayo kwao Australia ni Breville, ni mashine nzuri, ila ni ya milimita 54: mpira wake huwezi kuuomba kwa jirani.

Moka ya Bialetti ni ya tangu 1933, ni nafuu, inatengeneza kahawa kali, na si espresso. Zile mashine zisizo na jina za soko la Kikuubo, pita.

Mashine za vidonge, vile vikopo vidogo vya kahawa iliyopimwa tayari, sizipangi kabisa. Uganda hii inapakia magunia ya kahawa ya robusta na arabika ya Mlima Elgon kwenda nje, halafu mtu wa Muyenga, mtaa wa matajiri, ananunua kidonge cha gramu 5 kilichofungwa Uswisi! Jamani.

Na bei. Wauzaji, kwa nini hamwandiki bei? "Njoo inbox, nyabo." Unakwenda inbox, unaulizwa unakaa wapi, ndipo bei inapozaliwa. Ukitaja bei ya Ulaya unasomewa kodi. VAT ni asilimia 18, ushuru upo, usafiri upo, nakubali. Jumlisha vyote, bado kuna fungu zito lisilo na jina. Kisha muulize muuzaji: "Mpira wake unao?" Atakuonyesha kikombe cha zawadi. Garanti nayo ikija, imeandikwa kwamba vitu vya kuchakaa havimo.

Wewe unayeletewa na shemeji kutoka Marekani, soma kibandiko cha chini kwanza. Ya volti 120 hapa kwetu kwenye 240 inaungua siku hiyo hiyo. Transfoma itashusha volti, lakini haitabadilisha Hz 50 zetu (mapigo ya umeme kwa sekunde) kuwa 60 za Marekani, na pampu za mashine hizi zinapiga kwa kufuata Hz.

Dada wa Ntinda, usinunue nyingine bado. Chokoa huo mpira, hata ukikatika usiutupe. Pima upana wa nje, tundu la ndani na unene, kwa milimita, kisha umpelekee fundi anayetengeneza mashine za mikahawa, si yule wa dukani. Akiwa nao, nunua miwili. Na usiku usiuache mkono umefungwa kwenye mashine, uweke pembeni.