Columbo ni ya zamani lakini sijaona ya kuishinda

Kama wewe ni mtu wa sirizi za polisi na hujawahi kuangalia Columbo, itafute, usingoje wikendi. Ni ya Marekani, ilianza na muvi moja ya 1968, halafu ikawa sirizi ya televisheni ya NBC toka 1971 mpaka 1978, baadaye televisheni nyingine, ABC, wakairudisha 1989 ikaenda hadi 2003. Peter Falk ndiye Luteni Columbo, mpelelezi wa mauaji wa polisi ya Los Angeles, koti la mvua limekunjamana, sigaa mkononi, na kigari chake Peugeot 403 kimechoka kabisa, anakipaki mbele ya majumba ya matajiri.

Utamu wake ni huu: muuaji unamjua tangu mwanzo. Unaona anavyoua, anavyofuta alama, Columbo mwenyewe hata hajatokea. Kwa hiyo swali linabaki moja tu, atamnasa vipi huyu? Sirizi nyingi za siku hizi wanakuficha mtu mpaka mwisho halafu wanakutolea mmoja hata jina lake hulikumbuki, mimi hiyo siipendi.

Na banange, hapigi mtu, hapigi kelele, bastola karibu huioni. Anaingia na unyenyekevu, anasifia nyumba, anasema mke wangu anakupenda sana (huyo mke hatumwoni hata siku moja), anaaga, akifika mlangoni anageuka, samahani bwana, kuna kitu kimoja kinanisumbua. Tajiri anamdharau, anaongea zaidi ya alivyopanga, kwisha. Mimi nimekulia kota za polisi Nsambya, Kampala, mzee wangu alikuwa CID, yaani mpelelezi wa polisi, na alikuwa anatuambia afande anayefokea watu anarudi ofisini na karatasi tupu. Ndiyo maana hii aliipenda, aliona kazi yake mle ndani.

Chukua ile ya 1973 inaitwa Any Old Port in a Storm. (Kama hutaki kujua mwisho ruka hapa.) Donald Pleasence ni mtengeneza waini, ndugu yake wa baba mmoja anataka kuuza shamba, basi mtengeneza waini anampiga huyo ndugu kichwani, anamfunga kwenye stoo ya waini, anazima AC ili akose hewa, yeye huyoo New York kwenye mnada. Huku nyuma joto likapanda, waini yote ya thamani ikaharibika na mwenyewe hana habari. Columbo anachukua chupa ya kutoka stoo hiyohiyo, anamkaribisha hotelini, anaagiza wammiminie. Jamaa anaonja, anawaka, anawafokea wahudumu kwamba hii waini imepigwa na joto kali! Ulimi wake mwenyewe ndio ushahidi. Hapo nilisimama kwenye kiti.

Makosa yapo. Kuna vipindi vinavutwa mno, na ushahidi mwingine sijui wakili mzuri angeuacha upite kortini. Halafu duka lililonijazia kwenye flashi walichanganya mpangilio wote, ila haiharibu kitu kwa sababu kila kesi inaisha palepale.

Anza na hiyo ya waini, kisha Murder by the Book ya 1971, aliyeiongoza ni Steven Spielberg akiwa bado kijana. Za 1989 kuja huku zimepoa, ziache mpaka umalize za zamani.