Kliniki ya rufaa ya mbwa, Lang'ata: uchunguzi uliostahili gharama yake

Hapa Nairobi, mbwa anayetapika, kukonda na kulegea kwa kawaida hutibiwa homa ya kupe au minyoo, na mara nyingi matibabu hayo huwa sahihi. Lakini jike wetu wa aina ya Poodle alipata nafuu kila alipowekewa dripu, kisha hali ikarudi ile ile. Daktari wa kliniki hii alitilia maanani jambo ambalo wengine hawakuligusa: moyo ulipiga polepole katika mwili uliopungukiwa maji, ilhali ulitarajiwa kwenda mbio. Alipima chumvi za damu, akakuta potasiamu iko juu na sodiamu iko chini, ndipo akashuku ugonjwa wa Addison, ambao hutokea tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, zinaposhindwa kutengeneza homoni za kotisoli na aldosteroni za kutosha. Ili kuuthibitisha, damu hutolewa, homoni ya kuchochea tezi hudungwa, kisha damu hutolewa tena baada ya takriban saa 1.

Alitueleza kila hatua kwa subira, pamoja na ukweli kwamba vidonge vya fludrokotisoni na prednisoloni, vinavyofidia homoni hizo, ni vya maisha yote, na kwamba prednisoloni huongezwa kabla ya misukosuko kama upasuaji. Gharama ni kubwa, na ni vyema makadirio yatolewe kwa maandishi kabla ya vipimo kuanza. Kwa umakini ule wa uchunguzi, hata hivyo, ninaipendekeza kliniki hii kwa dhati.